Ng'ombe wa babu si kidani, na matundu yake si kasoro

*"Assalam aleikum, mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na katika miaka ya hamsini alifika Kobe na Yokohama mara kadhaa. Ametuachia kisanduku, na ndani yake mna ng'ombe mdogo aliyelala, hazidi sentimita tano, rangi yake ni ya maziwa yaliyokolea, na ana kamba iliyochongwa kutoka puani hadi mgongoni. Tumboni ana matundu mawili, moja kubwa kuliko jingine, na kando yake kuna kijiboksi chenye herufi mbili. Shangazi anasema ni hirizi ya Kijapani na tusiiguse. Sonara wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, anasema ni kidani kilichotobolewa vibaya, naye yuko tayari kuyaziba matundu na kutoboa jingine shingoni. Mtoto wa mjomba wangu aliyeko Birmingham aliwaonyesha watu picha, akaambiwa kwamba herufi hizo ni jina la Tomotada na kwamba ng'ombe huyu anaweza kununua nyumba, kwa hiyo anataka nimtumie kwa posta akamuuze. Je, ni kitu gani hasa? Ni pembe ya ndovu kweli? Naweza kumsafisha kwa jiki kidogo, maana mistari yake imejaa weusi? Na je, naweza kumvaa?"*

Waaleikum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu. Nimezitazama picha sita ulizoambatanisha, na kabla sijaingia katika maelezo marefu naomba mambo matatu yatangulie: sonara asitoboe wala asizibe kitu, jiki irudi bafuni ilikotoka, na kifurushi kisiende posta. Sababu ya kila moja nitaieleza, lakini hata kama leo huna nafasi ya kusoma zaidi ya aya hii, mawili ya kwanza yatamwokoa ng'ombe wako, na la tatu huenda likakuokoa wewe mwenyewe.

Ulichonacho, kwa jinsi kinavyoonekana, ni netsuke, au nakala ya netsuke. Jina hilo huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya mzizi na ya pili ya kuambatisha, na Wajapani wenyewe huimeza ile "u" ya katikati hata likasikika kama "netske". Hakikukusudiwa kamwe kuning'inia shingoni. Ni kizuizi cha kamba, kitu kilichokaa juu ya mkanda wa kiunoni ili kilichofungwa upande wa pili wa kamba hiyo kisianguke.

Fikiria mwanamume wa pwani aliyejifunga msuli. Msuli hauna mfuko, basi pesa na ufunguo huzifutika kibindoni, na kibindo kikifungwa sawasawa anaweza kutembea Mombasa nzima asipoteze senti. Kimono nayo haina mifuko. Mjapani wa enzi ya Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, aliweza kutia vitu vyepesi ndani ya mikono mipana ya vazi lake au kifuani, lakini vitu alivyovihitaji kila saa, kama mfuko wa tumbaku pamoja na kiko chake, kikoba cha fedha, au kijaluba cha dawa, alivining'iniza kwenye obi, ule mkanda wa kitambaa unaozungushwa kiunoni zaidi ya mara moja. Kamba ya kitu hicho ilipitishwa kati ya mkanda na mwili, kutoka chini kwenda juu, na ncha yake ilipotokeza juu ya ukingo wa mkanda palihitajika kitu cha kuizuia isiteleze kurudi chini. Hicho ndicho netsuke. Hakuna ndoana, hakuna pini, hakuna fundo linalofungwa na kufunguliwa; ukubwa wa kitu chenyewe na mbano wa mkanda ndivyo vinavyofanya kazi yote.

Katikati ya kamba palikuwa na ushanga mmoja, uitwao ojime, ambao mara nyingi nao ulichongwa au ulifanywa kwa marijani, jiwe au madini. Ukiushusha, mdomo wa mfuko au vifuniko vya kijaluba hukazwa, ukiupandisha, hulegea. Kijaluba nilichokitaja huitwa inro, nacho ni kazi ya ajabu peke yake: visanduku vidogo vitatu, vinne au vitano vinavyopandana kimoja juu ya kingine, vimepakwa utomvu wa mti wa urushi tabaka juu ya tabaka, vikashikana barabara hata macho yasiuone mshono. Hapo awali kiliwekwa mhuri, baadaye dawa. Ukitaka kulinganisha na kitu cha kwetu, ni kile kijaluba cha tambuu cha bibi zetu, tofauti ikiwa kwamba hiki kilikuwa kikining'inia kwenye nyonga ya mwanamume na kila aliyepita alikiona.

Sasa turudi kwenye matundu, kwa sababu ndiyo yaliyomchanganya sonara wako, nami simlaumu, maana kwa mtu wa vidani ni kweli kwamba yamekaa mahali pasipofaa. Wajapani huyaita himotoshi, yaani mapito ya kamba. Kamba inayotoka kwenye mzigo ni kitanzi kimoja kirefu. Ncha zake mbili huingia katika matundu haya, hukutana ndani ya njia iliyochimbwa tumboni, kisha hufungwa fundo. Fundo hilo likibaki nje litamkwaruza mvaaji na kumzuia ng'ombe asilale vizuri juu ya mkanda. Ndiyo maana mafundi wengi walilipanua tundu moja: fundo huvutwa likazama ndani yake na kujificha. Kwa hiyo tofauti ya ukubwa ambayo sonara anaiona kuwa kosa la mkono ni mojawapo ya alama ambazo mkusanyaji hufurahi kuziona. Na yamewekwa tumboni kwa sababu tumbo ndilo linalogusa vazi, huku mgongo na uso vikitazama nje. Akiyaziba hayo na kutoboa shingoni, atakuwa amekiondolea kitu hicho ile sehemu inayokitofautisha na sanamu yoyote ndogo.

Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani bila kudhuru kitu. Chukua uzi laini wa pamba, upitishe katika matundu yote mawili, kisha mning'inize ng'ombe kwa upole juu ya mto, usimning'inize juu ya sakafu. Tazama anavyokaa. Netsuke iliyochongwa na mtu aliyejua kazi yake hutulia katika mkao unaoeleweka. Iliyotobolewa na mtu aliyekuwa akiigiza tu huenda ikapinduka, ikaonyesha makalio, au ikajizungusha kama samaki kwenye ndoana. Haliwi jibu la mwisho, lakini ni swali zuri la kwanza, na huwa nashangaa ni wanunuzi wangapi wanaolipa fedha nyingi bila kuliuliza.

Matumizi hayo ndiyo yaliyoamua umbo zima. Mtazame ng'ombe wako: miguu yote minne imekunjwa chini yake, pembe zimelazwa nyuma zikagusana na mwili, mkia umejikunja ubavuni, na kamba ya puani haijitokezi hewani bali imelala juu ya mgongo. Fundi hakufanya hivyo kwa sababu ng'ombe hulala hivyo tu. Amefanya hivyo kwa sababu pembe iliyochomoza ingekwama kwenye hariri na kuichana, au ingevunjika siku ya kwanza. Kitu kinapaswa kuwa kama kokoto iliyosuguliwa na bahari, kikae kiganjani, kizungukwe na kidole gumba pasipo kukwama popote, na wakati huohuo kibaki ng'ombe kutoka kila upande, hata kwa chini ambako hakuna atakayepaona isipokuwa mwenyewe. Ndani ya sharti hilo gumu ndimo ustadi ulimostawi. Sanamu za mezani, ziitwazo okimono, hazina sharti hilo, na ndiyo sababu mara nyingi huwa na vidole vilivyonyooshwa, miavuli, vijiti na matawi membamba. Ukiona sanamu ndogo ya Kijapani yenye kitako bapa na vitu vinavyochomoza, isiyo na matundu, hiyo ni ya kabatini.

Si netsuke zote zilizokuwa wanyama na watu. Ziko za mviringo, bapa kama mkate mdogo, ziitwazo manju kwa jina la andazi lao. Ziko zenye kifuniko cha madini kilichonakshiwa ndani ya bakuli la pembe. Ziko ndefu kama kijiti zinazochomekwa ndani ya mkanda. Lakini zile za maumbo kamili kama yako ndizo zilizopendwa kuliko zote.

Kuhusu shangazi, mpe heshima yake, kwa sababu hayuko mbali sana na ukweli kama unavyoweza kudhani. Netsuke kwa asili yake si hirizi; ni kifaa cha mavazi. Hata hivyo, ng'ombe ni mmoja wa wanyama kumi na wawili wa mzunguko wa miaka wa Kijapani, na kulikuwa na watu waliopenda kuvaa mnyama wa mwaka wao. Tena ng'ombe aliyelala ana maana ya pekee katika mji wa Kyoto: ndiye mjumbe wa Tenjin, mungu wa elimu, ambaye ni Sugawara no Michizane, mwanazuoni na waziri wa karne ya 9 aliyetukuzwa baada ya kufa kwake uhamishoni mwaka 903. Katika hekalu lake la Kitano Tenmangu wamo ng'ombe wa mawe na shaba waliolala, na hadi leo watu huwapapasa wakiomba heri. Kwa hiyo anayeona baraka ndani ya ng'ombe huyo hajakosea sana, ila hakuna dua wala kitu kilichofichwa ndani yake, na kumgusa hakuna madhara. Aliumbwa ili aguswe.

Ilikuwaje kizuizi cha kamba kikawa sanaa? Tumbaku ina mkono wake hapo. Iliingia Japani kwa meli za Wareno mwishoni mwa karne ya 16, kizazi kilekile cha Wareno walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na uvutaji ulipoenea, kila mwanamume alihitaji mfuko wa tumbaku na cha kuuzuia. Jambo la pili ni sheria. Utawala wa Edo ulitoa amri nyingi za kuwazuia wafanyabiashara wasivae kifahari kuliko tabaka lao, na mfanyabiashara wa Osaka mwenye fedha nyingi kuliko askari mwenye cheo alijikuta hawezi kuzionyesha kwenye nguo. Akazionyesha kwenye vitu vidogo. Vazi likabaki la rangi ya majivu, na kiunoni ikaning'inia kazi ya miezi mingi ya mtu mwenye macho makali.

Mwaka 1781 kilichapishwa Osaka kitabu kiitwacho Soken Kisho, kilichotungwa na Inaba Tsuryu, mfanyabiashara wa mapambo ya panga, na humo akawataja wachongaji wa netsuke zaidi ya hamsini pamoja na michoro ya baadhi ya kazi zao. Hiyo ndiyo orodha ya kwanza tunayoifahamu, na ni ushahidi kwamba kufikia wakati huo watu walikuwa wanatafuta netsuke ya fulani, si netsuke yoyote tu. Kila mji ukawa na tabia yake. Kyoto walichonga wanyama wenye nguvu na mbavu zinazohesabika. Huko Iwami, upande wa Bahari ya Japani, Tomiharu na jamaa zake walitumia jino la nguruwe mwitu, wakachonga juu yake buibui, vyura na tandu, pamoja na maandishi madogo kuliko punje ya mchele. Katika milima ya Hida, Sukenaga alikata mti kwa mapigo machache bapa na kuyaacha yaonekane. Osaka kulikuwa na Kaigyokusai Masatsugu, aliyeishi kutoka 1813 hadi 1892, ambaye ulaini wa kazi yake sijauona kwa mwingine. Mimi binafsi huona ni laini kupita kiasi, na huwarudia wa Kyoto, lakini hilo ni jambo la moyo.

Baada ya mwaka 1868 mambo yalibadilika haraka. Suti ina mifuko, na sigara haihitaji kiko wala kikoba. Katika muda wa kizazi kimoja netsuke ikakosa kazi, na wachongaji wakageukia sanamu za kabatini na vitu vya kuwauzia wageni waliozipenda mno. Historia hii inakuhusu moja kwa moja, kwa sababu babu alipofika Yokohama katika miaka ya hamsini, hakukuwa tena na mtu mjini aliyefunga netsuke kwa haja ya kila siku. Madukani palikuwa na za zamani zilizouzwa na familia, na palikuwa na mpya, nyingi zaidi, zilizochongwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani, watalii na mabaharia. Babu angeweza kununua mojawapo ya hizo, na kwa macho ya baharia aliyeshuka kwa siku mbili zote zingefanana.

Hapo ndipo lilipo swali la jina. Ndiyo, herufi zilizo ndani ya kijiboksi zinasomeka Tomotada. Tomotada alikuwa mchongaji wa Kyoto wa karne ya 18, na aliyempa sifa ni ng'ombe, hasa ng'ombe aliyelala mwenye kamba puani, tena saini yake kwa kawaida hukaa ndani ya kijiboksi cha pembe nne kama hiki. Kila kitu kinalingana, na kulingana huko ndiko kunakonitia shaka. Inaba mwenyewe, mwaka ule wa 1781, alishaonya kwamba ng'ombe wa Tomotada anatafutwa sana na kwamba waigaji ni wengi. Ikiwa walikuwa wengi wakati huo, fikiria tangu hapo hadi leo. Kuna waliomwiga wakiwa wanafunzi, kwa heshima, na kuna waliomwiga ili wadanganye. Kuna nakala nzuri zenye miaka mia mbili na kuna za plastiki za mwaka jana. Saini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuigiza, kwa sababu ni mikwaruzo michache, ilhali shingo ya ng'ombe inayogeuka chini ya uzito wa kichwa chake haiigiziki kwa urahisi. Ndiyo maana wenye uzoefu hulitazama jina mwisho.

Nitakuambia ninachokiona, ukijua kwamba picha ni picha. Katika picha ya nne, mdomo wa tundu kubwa una ukingo mkali kama uliokatwa jana, ilhali kamba ya hariri ikisugua hapo kwa miaka thelathini huacha mdomo ulioviringika, na mara nyingi njia iliyolegea upande mmoja kuliko mwingine. Katika picha ya pili, nywele zilizochorwa kwenye paja na uti wa mgongo, sehemu ambazo mkono na mkono wa nguo huzipitia kila siku, ni kamili kama zilivyo kwapani ambako hakuna kinachofika. Kitu kilichovaliwa huchakaa mahali palipoguswa na kubaki kipya mahali palipojificha. Wako ni mpya pote, na rangi ya manjano imeenea sawasawa pote, kama mtu aliyechovywa kwenye chai. Maoni yangu, basi, ni kwamba huyu ni ng'ombe aliyechongwa katika karne ya 20 kwa mtindo wa Tomotada, na mchongaji wake hakuwa mbaya, kwa sababu uso una uhai. Thamani yake haifiki nyumba. Ninaweza kuwa nimekosea, na mtu atakayemshika mkononi ana haki ya kunisahihisha.

Je, ni pembe ya ndovu? Netsuke zilichongwa kwa vitu vingi: mti mgumu wa manjano uitwao tsuge, pembe ya paa wa Kijapani, jino la kiboko, meno ya walarasi na nyangumi, kaharabu, kauri, na kwa wingi pembe ya ndovu. Pembe za ndovu ziliingia Japani kwa mkono wa Wachina na Waholanzi kupitia Nagasaki, na vipande vilivyobaki baada ya kukatwa vijiti vya kupigia shamisen, ala ya nyuzi ya Kijapani, vijiti ambavyo vina pembe tatu, viliwaangukia wachongaji wa netsuke; ziko netsuke za kale ambazo mkato wake wa pembetatu bado unasimulia hivyo. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki, zikipitia Bagamoyo na kwenda Bombay, London na Marekani, na kutoka masoko hayo ziliendelea mbali. Siwezi kukuambia kwamba ng'ombe wako alianza safari yake Tsavo na sasa amerudi nyumbani, ingawa wazo hilo limenijia.

Kwa kutofautisha, chukua kioo cha kukuzia kama kile cha sonara, simama kwenye mwanga wa dirishani, na tazama mahali ambapo jino limekatwa kwa kupingana na urefu wake, mara nyingi chini au nyuma. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba iliyopinda inayopishana, kama ukili wa jamvi uliosukwa kwa nyuzi za nuru, na karibu na ukingo wa nje pembe kati ya mistari hiyo huwa pana, zaidi ya digrii 115. Kwenye pembe ya mamothi, ndovu wa kale wa barafuni, hubana chini ya digrii 90. Jino la kiboko lina duara nyembamba, zimekaribiana na kuyumbayumba, bila kupishana. Mfupa wa kawaida una vijitundu au vistari vyeusi kama vumbi la pilipili manga, ambavyo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Plastiki haina lolote kati ya hayo, lakini mara nyingi ina viputo vya hewa na mshono mwembamba pale kalibu mbili zilipokutana, na herufi zake huwa na kingo za mviringo kama zilizobonyezwa badala ya kukatwa. Kuna watakaokushauri uchome kwa sindano ya moto. Usifanye hivyo: mfupa na pembe vyote vitanuka nywele zilizoungua, kwa hiyo hutajua la maana, na kovu litabaki daima.

Katika picha ya tano, karibu na paja, naona kama mistari inayopishana. Kama. Ndiyo maana nakushauri umchukulie kuwa wa pembe ya ndovu mpaka ithibitike vinginevyo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Kenya ilifunga biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978. Mwezi Julai 1989 ikachoma tani 12 za pembe Nairobi, na mwaka uleule mataifa ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yakakubaliana kumweka ndovu wa Afrika katika orodha inayopiga marufuku biashara ya kimataifa. Mwaka 2016 zikachomwa tani 105 nyingine. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kuwa na kitu kilichotengenezwa kwa nyara bila kibali ni kosa lenye adhabu nzito, na kauli ya "ni urithi wa babu" peke yake si kibali. Huko Uingereza nako, sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwezi Juni 2022, inakataza kuuza karibu kila kitu cha pembe. Ipo nafuu kwa vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe yake haifiki asilimia kumi, na netsuke ya pembe tupu haiwezi kuingia hapo. Ipo nyingine kwa vitu vya kabla ya 1918 vyenye thamani kubwa sana ya kisanaa, kwa cheti maalumu, na kwa niliyoyaona sitarajii wako apewe. Kwa hiyo mpango wa binamu yako ungewatia hatarini nyote wawili, mmoja kila upande wa bahari, kwa kitu ambacho pengine hakingeuzika.

Njia ninazoziona zimebaki hivi, nami sitazipamba. Ikithibitika kwamba ni plastiki au mfupa wa ng'ombe, hakuna tatizo la sheria, mweke, mvae, mfurahie, ingawa ndoto ya nyumba itakuwa imeisha. Ikithibitika kwamba ni jino la kiboko, usidhani umepona, kwa sababu kiboko naye analindwa na sheria za nyara. Ikiwa ni ndovu, muone kwanza wakili anayejua sheria ya wanyamapori, kisha kwa ushauri wake mfike ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mkiwa mmejitokeza wenyewe, pamoja na karatasi zozote za babu: kitabu chake cha ubaharia, barua, stakabadhi ya duka, hata picha ya zamani yenye kisanduku hicho mezani. Inawezekana mkaelekezwa kuhusu kibali, na inawezekana ng'ombe akachukuliwa. Hilo la pili litauma, lakini linauma kidogo kuliko kukutwa naye uwanja wa ndege. Kabla ya hapo usimtembeze, usimtangaze, na mwambie binamu aziondoe zile picha.

Kwa utambuzi wenyewe, wasiliana kwa simu na wataalamu wa uhifadhi walio chini ya Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus, uwaeleze kwanza ulichonacho na uwaulize utaratibu, badala ya kutokea mlangoni na kisanduku kwapani. Nakusihi usimwamini yeyote anayekadiria umri au bei kwa picha, nikiwemo mimi.

Wakati unasubiri, mtunze kirahisi. Weusi ulioujaa mistari si uchafu. Ni wino uliosuguliwa humo kwa makusudi ili nywele, macho na herufi zisomeke. Niliwahi kuletewa nyani mdogo aliyelazwa usiku mzima ndani ya maji ya jiki na mtu aliyependa usafi: alirudi mweupe kama chaki, macho yamefutika, na ufa umemshuka kutoka kichwani hadi kiunoni, ukifuata tabaka za jino, kwa sababu pembe hunywa maji, huvimba, kisha hukauka kwa haraka isiyo sawa. Mafuta ya nazi nayo, ambayo najua shangazi atayapendekeza, huingia ndani na baada ya muda huleta manjano ya uvundo. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Usimweke juani wala mbele ya kiyoyozi. Hewa ya Mombasa ina unyevu lakini haigeukigeuki sana, na pembe huvumilia unyevu kuliko mabadiliko. Mfunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila rangi, umrudishe kwenye kisanduku cha babu.

Na kumvaa? Ikiwa atathibitika kuwa halali, vaa, kwa sababu mikono ya watu huzipa netsuke mng'ao ambao kabati haliwezi kuzipa. Ila si shingoni. Tafuta mkanda mpana wa kitambaa, kamba nyembamba ya hariri, ushanga mmoja mzuri na kikoba chepesi. Pitisha kamba nyuma ya mkanda kutoka chini, mwache ng'ombe alale juu ya ukingo, tumbo likikutazama wewe na uso ukiwatazama watu. Ukishampata wa kukuthibitishia, nitumie picha moja zaidi, ya ndani ya tundu kubwa, ukimulika taa kwa pembeni. Nataka kuona kama kuna uzi wowote wa zamani uliobaki humo.